Dramu ya kwanza ya mtoto: pima miguu yake kwanza, seti baadaye

Wazazi wenzangu, swali ninaloulizwa kila mara ni hili hili, "mwanangu anagonga kila kitu ndani ya nyumba, meza, ndoo, mto wa kochi, sasa nimnunulie dramu gani?" na mara nyingi anayeuliza keshapata picha ya seti moja kubwa inayong'aa, tomu tatu (zile dramu zinazokaa juu ya kiki na pembeni), matoazi manne, anasubiri tu nimwambie nunua. Mimi nafundisha watoto dramu, wadogo kabisa nilionao wana miaka minne, na huwa najibu kwa swali: mtoto ana urefu gani? Umri unadanganya sana. Kuna mtoto wa miaka sita anakaa na miguu inafika pedali bila shida, na kuna wa miaka nane bado ananing'inia.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kununua kubwa eti atakua ndani yake. Shati kubwa unakunja mikono maisha yanaendelea, dramu huwezi kuikunja. Mtoto akiwekwa kwenye seti ya mtu mzima anakaa kwenye ncha ya kiti ili mguu ufike chini, mgongo unapinda, mabega yanapanda, mikono inanyooka kama anachuma embe, dakika kumi keshachoka anasema hataki tena, halafu mzazi anakuja kuniambia mtoto hana moyo wa muziki. Hapana jamani. Moyo anao, mwili ndo umeshindwa. Wa kwangu wa kwanza nilimfanyia hivyohivyo, kiki, ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, ya inchi 22, yeye ana miaka mitano, nilikuwa namsikia ila simuoni, na ikapita karibu mwaka mzima kabla hajarudi kukaa pale kwa hiari yake. Ndo maana hili jambo naliongea kwa uchungu.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia duka lolote chukua futi kamba. Mkalishe mtoto, pima kutoka sakafuni hadi pale nyuma ya goti panapokunja, akiwa pekupeku au na viatu vilevile atakavyopigia. Hiyo namba ongeza vidole viwili hivi, ndo urefu wa kiti chake. Tunataka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, mapaja yateremke kidogo kwenda mbele, nyayo zote mbili zikae juu ya pedali na visigino vishuke. Akishakaa hivyo, snea, ile dramu yenye nyaya chini inayokaa mbele ya magoti, inatakiwa ije juu kidogo tu ya mapaja, apige katikati yake viwiko vikiwa vimelegea pembeni ya mbavu. Halafu mwambie aguse toazi la mbali kabisa na fimbo bila kuinua makalio. Akifika, seti inamtosha. Akilazimika kusimama au kuegemea mbele, seti hiyo bado, hata iwe nzuri vipi, hata iwe na punguzo la bei namna gani.

Ukubwa wenyewe sasa. Seti ya mtu mzima kwa kawaida ina kiki ya inchi 20 au 22, snea ya 14, tomu za juu 10 na 12, tomu ya chini 14 au 16. Seti za watoto kiki inakuwa kama 16, snea 10 au 12, tomu za 8 na 10, ya chini 13. Katikati ya hizo mbili kuna kundi ambalo watu wengi hawalijui na mimi ndo nalipenda kuliko yote, seti fupi za ukweli, kiki ya 16 au 18 lakini mizinga (yaani miili ya dramu zenyewe), ringi na skrubu zake zimetengenezwa kama za watu wazima. Kampuni ya Ludwig kwa mfano walitengeneza Pocket Kit kwa kushirikiana na Questlove, mpiga dramu wa bendi ya The Roots, ina kiki ya inchi 16, mtoto anaiweza na wewe mzazi ukikaa hapo pia unapiga. Mtoto wa miaka sita saba akianzia kwenye aina hiyo anaenda nayo miaka mingi.

Usichanganywe na namba za vipande. Wakiandika vipande vitano wanahesabu dramu tupu, yaani kiki, snea na tomu tatu, matoazi hayamo kwenye hesabu, kwa hiyo uliza kabisa matoazi mangapi yanakuja na stendi zake zipo au hazipo, maana kuna seti zinauzwa mizinga mitupu, unafika nyumbani unagundua hakuna pa kukalia wala cha kukanyagia. Kwa mtoto chini ya miaka saba vipande vitatu vinatosha kabisa, kiki, snea na tomu moja, pamoja na haihati (yale matoazi mawili yanayofumbana) na toazi moja. Midundo yote anayojifunza mwaka wa kwanza inakaa kwenye kiki, snea na haihati. Zile tomu nyingine ni raha tu ya kuzungusha fimbo, nzuri lakini zinasubiri.

Kuna kitu kimoja cha kucheki kinachotenganisha dramu na mwanasesere wa dramu. Angalia ringi ya juu, kuna skrubu zenye kichwa cha mraba zimeizunguka? Kama zipo, ngozi inakazwa, inalegezwa, ikipasuka inabadilishwa, na ufunguo wake wa mraba ni uleule unaoingia karibu kila dramu. Kama ngozi imegandishwa tu kwenye plastiki, hiyo ikichoka imekwisha. Pima na kipenyo pia, ngozi za 10, 12, 13, 14 na 16 ni saizi zinazotengenezwa na kila mtu, ila ukikuta seti ina snea ya kipenyo cha ajabu, siku ngozi ikipasuka utahangaika. Na zile dramu za mpira zinazokunjwa kama mkeka, mimi sizipendekezi kama seti ya kwanza, fimbo hairudi vizuri, kiki yake ni swichi ya kukanyaga, mtoto anajifunza kusukuma wakati dramu inataka kurusha na kupokea.

Sasa nije kwenye vitu vitatu ambavyo naomba uvipe pesa na muda kuliko mng'ao wa mizinga: kiti, pedali na fimbo. Ni vitu vitatu ambavyo mwili wa mtoto unavigusa kila sekunde anapopiga, na ndo hapohapo watengenezaji wa seti za bei nafuu wanapobana.

Kiti usiulize kinapanda hadi wapi, uliza kinashuka hadi wapi. Viti vingi vya watu wazima haviteremki chini ya sentimita 45 hivi, na mtoto wa miaka mitano mara nyingi anahitaji chini ya 40, wakati mwingine chini ya 35. Ukipata kisichoshuka, bora stuli imara ya nyumbani isiyoyumba yenye urefu uleule uliopima. Kiti kikiyumba mtoto anabana tumbo na mapaja ili asianguke, na mwili uliobana haupigi dramu, unapigana nayo.

Pedali ya kiki ijaribu kwa vidole viwili vya mkono. Sukuma taratibu, inatakiwa ishuke laini na ipande yenyewe, isilie, isicheze kushoto kulia. Kama vidole vyako viwili vinapata shida basi mguu wa mtoto wa kilo 18 utapata shida zaidi. Springi karibu zote zinalegezwa, legeza hadi iwe inarudi tu bila kuusukuma mguu wake juu. Cheni au mkanda, kwa mtoto haina tofauti kubwa. Nyingi za pedali zinazokuja na seti za watoto ni dhaifu na unaweza kubadilisha ukaweka pedali ya kawaida, lakini kuna mtego hapo: nyundo ya pedali ya kawaida imetengenezwa ipige katikati ya kiki ya 20 au 22, ukiifunga kwenye kiki ya 16 inapiga juu karibu na ringi na sauti inakuwa kavu. Dawa yake ni kushusha kijiti cha nyundo, au kutumia kile kibao cha chuma kinachoinua kiki upande wa pedali ili kitovu cha ngozi kikutane na nyundo. Baadhi ya seti fupi zinakuja nacho, angalia kabla hujalipa.

Haihati nayo icheki. Kuna seti za watoto ambazo haihati imefungwa tu haifunguki, hakuna pedali. Kwa mtoto wa miaka mitatu minne sawa, ila kwa wa miaka sita na kuendelea nataka pedali, mguu wa kushoto nao uanze shule mapema.

Fimbo sasa, watu wanadharau sana. Ile ya kawaida inaitwa 5A, urefu wake ni inchi 16, unene milimita 14 na ushee, kwa mkono mdogo ni gogo. Anza na 7A ambayo ni nyembamba na nyepesi kidogo, au kama ana miaka mitano kushuka chini tafuta zile za watoto zenye urefu wa inchi 13 hivi. Kwenye hizi namba kubwa ndo nyembamba, usishangae. Kabla hujachukua ziviringishe juu ya meza, ikiruka ruka imepinda, iache. Zigonge moja moja kwenye meza usikilize kama zinatoa mlio unaofanana, zikitofautiana sana basi uzito hauko sawa na mkono mmoja utachoka kabla ya mwingine. Nunua jozi mbili, moja itavunjika au itapotea chini ya kochi, na fimbo ikianza kuchanika vibanzi itupe, vinaingia kwenye vidole na machoni.

Kwenye matoazi nitakuwa mkweli, yale yanayokuja na seti za watoto karibu yote ni bati jembamba, yanalia kama kifuniko na yanajikunja ukingoni baada ya miezi michache. Siyo kosa lako wala la mtoto. Yavumilie, kisha kitu cha kwanza kubadilisha kiwe haihati ya inchi 13 au 14, halafu toazi moja la 16 au 18 la kufanya kazi zote. Matoazi ya kuanzia yanakuwa ya brasi, ambayo ni shaba na zinki, yakipanda yanakuwa ya shaba na bati, asilimia 8 ya bati kwenye yanayoitwa B8 na asilimia 20 kwenye B20. Meinl HCS ni mfano wa brasi inayofaa mwanafunzi. Ukifunga toazi hakikisha pale kwenye stendi kuna kimrija cha plastiki na vipande vya felti juu na chini, na nati usikaze hadi mwisho, toazi linatakiwa licheze, likibanwa linapasuka.

Masikio. Hapa naomba unisikilize kuliko sehemu zote. Dramu za kawaida ndani ya chumba zinapita desibeli 100 kirahisi (desibeli ndo kipimo cha ukali wa sauti). Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, kinaruhusu desibeli 85 kwa masaa 8 na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, 88 masaa 4, 91 masaa 2, ukifika 100 umebaki na dakika 15 tu, na hicho ni kipimo cha watu wazima kazini. Shirika la Afya Duniani kwa watoto wanashuka zaidi, desibeli 75 kwa masaa 40 kwa wiki. Kwa hiyo bajeti ya dramu isiyokuwa na vizuia sauti ndani yake haijakamilika. Nunua vile vya kufunika masikio mazima kama wanavyovaa mafundi wa mashine, saizi ya mtoto ili visiteleze, na weka sheria kwamba visipokuwepo kichwani fimbo hazishikwi. Na wewe unayekaa naye chumbani pia vaa, mtoto anaiga anachokiona. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi.

Ukitaka kupunguza sauti yenyewe, ingiza mto au blanketi ndani ya kiki liguse ngozi ya nyuma, weka padi za mpira juu ya snea na tomu, na kama una uwezo badilisha ngozi uweke za nyavu na matoazi yale yenye matundu madogo madogo. Inabaki seti ileile, pedali ileile, ila mnaweza kuongea huku anapiga.

Je umeme au za kawaida? Mimi moyo wangu uko kwenye za kawaida kwa sababu mtoto anapiga taratibu anasikia taratibu, anapiga ukingoni anasikia ukingo, mkono unajifunza kupitia sikio. Lakini kama mnaishi ghorofani au ukuta mmeshea na jirani, chukua za umeme bila kujilaumu, dramu inayopigwa kila siku kwa sauti ndogo inamjenga kuliko dramu ya kifahari inayoruhusiwa Jumamosi peke yake. Ukichukua za umeme tafuta padi za nyavu, hasa ya snea, zile za mpira mgumu zinaumiza vifundo vya mikono. Nyavu hizi zilikuja na V-Drums, seti za umeme za kampuni ya Roland, mwaka 1997 na leo zipo hadi kwenye seti za kuanzia. Tafuta na kiki yenye padi inayopigwa na nyundo halisi badala ya kibonyezo kitupu cha mguu. Pima fremu yake inashuka hadi wapi, nyingine zimetengenezwa kwa watu wazima na tomu zinabaki usawa wa kidevu cha mtoto. Hedifoni ziwe za kufunika sikio, zenye kikomo cha sauti, na hicho kikomo wanachoandika cha desibeli 85 kichukulie kama dari, wewe shusha zaidi. Halafu jirani wa chini: hata seti ya umeme mguu unapogonga mtikisiko unapita kwenye sakafu, mto wa sponji mgumu na kapeti nene chini yake vinasaidia ila haviondoi kabisa, ongea na jirani mapema.

Mtoto akiwa anatumia kushoto watu wanaingiwa na hofu bure. Ringo Starr, yule mpiga dramu wa Beatles, anatumia kushoto na amepiga maisha yake yote kwenye seti iliyopangwa ya kulia, Phil Collins, mpiga dramu wa Genesis, naye wa kushoto, alipanga seti yake kinyume. Zote zimefanya kazi. Mwache apige wiki chache huku unamwangalia mkono gani unakimbilia haihati wenyewe, halafu panga kwa kumfuata, usimlazimishe. Cha kucheki dukani ni kama tomu zinaweza kuhamishwa upande, na kwa za umeme kama nyaya zinafika zikigeuzwa.

Zilizotumika ni njia nzuri sana, kusema kweli pesa ya seti mpya dhaifu mara nyingi inakupa seti nzuri iliyotumika. Nenda na ufunguo wa dramu mfukoni. Zungusha kila skrubu kidogo, iliyoshika kutu haitazunguka na iliyokula uzi itazunguka bila kukaza. Chungulia ndani ya mizinga uone kama mbao zimeachana. Omba ngozi moja ifunguliwe, weka mzinga kifudifudi juu ya meza ya kioo au kaunta iliyonyooka, ukiona mwanga unapita chini ujue ukingo haujanyooka na dramu hiyo haitakaa kwenye tyuni. Matoazi pitisha ncha ya kidole ukingoni pole pole, ufa unausikia kabla hujauona, na ufa hata wa milimita chache unakua. Ngozi chakavu zisikutishe, hizo zinabadilishwa. Pedali iliyovunjika nayo inabadilishwa. Mzinga uliopinda achana nao.

Na kama mtoto ana miaka mitatu au minne na bado huna uhakika, hakuna ubaya kuanza na snea moja kwenye stendi inayoshuka chini, au padi ya mazoezi na jozi ya fimbo. Miezi miwili mitatu ya kugonga mkono kulia mkono kushoto pamoja na wimbo anaoupenda itakuonyesha mengi kuliko duka. Padi yenyewe haitapotea, ataitumia hata akiwa mtu mzima.

Siku ya kufunga seti anza na kapeti, bila kapeti kiki inatembea kila ikipigwa na mtoto anaifukuza. Kisha kiti kwa ule urefu uliopima, halafu kiki, ile miguu miwili ya mbele ifungue itazame nje na ikamate kapeti. Snea na haihati ndo zifuate, na hapo simama. Tomu na toazi kubwa ziache kwenye boksi wiki mbili za kwanza, akishazoea vitatu unaongeza kimoja kimoja, na kila kinachoongezwa kinasogea kwake, yeye hakisogelei. Ngozi kaza kwanza kwa vidole hadi skrubu zote ziguse, kisha ufunguo nusu mzunguko kwa kila moja, ukiruka upande wa pili kila mara, hii halafu ya mkabala wake, usiende kwa kuzunguka maana ngozi itavutwa upande mmoja. Gonga karibu na kila skrubu, inayolia chini kuliko wenzake iongeze kidogo. Nyaya za chini ya snea zikaze hadi zilie chrr, zikikazwa sana snea inakaba. Kisha mvishe vizuia sauti, mkabidhi fimbo, na dakika kumi za kwanza usimfundishe chochote, mwache agonge anavyotaka. Baada ya miezi mitatu rudia kipimo cha goti, atakuwa amerefuka, pandisha kiti.